Nguvu ya Sabufa na Haki ya Jirani

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa sana siku hizi katika maduka ya Kariakoo, Tandika, Mbagala na Mwenge imo sabufa. Kijana aanzapo maisha katika chumba cha kupanga, akishapata godoro, jiko na televisheni, kitu kinachofuata aghalabu ni sabufa, na pasipo hiyo televisheni yenyewe huonekana kana kwamba haijatimia. Ndugu zetu wa visiwani nao wanapomaliza shughuli zao Dar es Salaam na kurejea Unguja, Pemba au Mafia, si ajabu kuwaona bandarini wakiwahimiza wachukuzi waangalie boksi lisigongwe. Hilo si jambo la kulaumiwa hata kidogo. Lakini katika ununuzi huo pana swali moja linaloulizwa vibaya, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu leo.

Mnunuzi akifika dukani huuliza: "Hii ina nguvu kiasi gani?" Muuzaji humwonyesha namba iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa ubavuni mwa boksi, kisha hufungulia sauti mpaka milango ya duka ikatetemeka, na biashara ikaisha hapo. Ukubwa wa chumba itakakowekwa hautajwi. Wala hakuna aulizaye upande wa pili wa ukuta wa chumba hicho analala nani. Sisi tunaamini kwamba maswali hayo mawili ndiyo yangepaswa kutangulia, kwa maana sabufa ni chombo ambacho mtu mmoja hukilipia na nyumba nzima hukisikiliza, ipende isipende.

Tungependa tusieleweke vibaya. Hatuandiki haya kuwanyima wananchi burudani. Mfanyakazi aliyesimama kutwa nzima kiwandani Chang'ombe, au mama aliyeuza samaki tangu alfajiri, ana haki ya kurejea nyumbani kwake jioni akaangalia filamu au akasikiliza taarabu kwa sauti nzuri. Aidha, hatuna budi kukumbuka jinsi mambo yalivyofika hapa. Zamani Dar es Salaam ilikuwa na majumba ya sinema kama Avalon, Empire na Odeon. Unguja ilikuwa na Majestic na Cine Afrique. Mtu alikata tikiti, akakaa na wenzake gizani, filamu ikaisha, kila mmoja akaenda zake kulala. Zanzibar ilianza kuwa na televisheni mwaka 1973, na ilikuwa ya rangi, ilhali Tanzania Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya televisheni vikaanza. Video ikaja, majumba ya sinema yakafungwa moja baada ya jingine, na vibanda vya kuonyeshea filamu vikazuka mitaani. Leo sinema imeingia chumbani. Viwanja vya wazi vimejengwa, kumbi ni ghali, na kijana hana pengine pa kwenda. Basi anayetaka kulizungumzia suala la sabufa kwa insafu ni lazima aanze na ukweli huo.

Lakini chombo hiki kilipata umaarufu zaidi katika kumbi za sinema. Mwaka 1974 ilipotolewa nchini Marekani filamu iitwayo Earthquake, yaani tetemeko la ardhi, watengenezaji wake waliweka katika kumbi za sinema mfumo uitwao Sensurround, wenye spika kubwa mno za kutoa mngurumo ambao mtazamaji aliusikia kifuani kabla ya kuusikia masikioni. Katika jumba maarufu la Grauman's Chinese Theatre huko Hollywood ilibidi utandazwe wavu chini ya dari ili kudaka vipande vya plasta visiwaangukie watazamaji. Hilo lilikuwa jumba kubwa la kuketi mamia ya watu, lenye kuta nene. Chombo cha jamii hiyohiyo, japo kidogo, ndicho tunachokiingiza sasa katika chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili.

Tuanze na hiyo namba ya kwenye boksi, kwa sababu hapo ndipo mwananchi anapopunjwa. Maboksi mengi huandikwa idadi kubwa ya wati, na mbele yake zikafuata herufi PMPO. Herufi hizo humaanisha nguvu ya kilele ambayo chombo kinadaiwa kuweza kuitoa kwa kufumba na kufumbua. Hakuna kanuni moja iliyokubaliwa ya kuipima nguvu hiyo, na kwa hiyo kila mwenye kiwanda huandika apendavyo. Kipimo chenye maana ni kile cha nguvu ya mfululizo, ambacho aghalabu huandikwa kwa herufi RMS. Chombo kinachotajwa kuwa na maelfu ya wati za PMPO huweza kabisa kuwa na wati chache tu za mfululizo.

Mnunuzi asiye na elimu ya umeme anaweza kuugundua ukweli huo mwenyewe. Aigeuze sabufa nyuma, asome kibati kidogo kilichobandikwa karibu na waya. Hapo ataona voltí zinazotakiwa na wati ambazo chombo hula kutoka ukutani. Kama kibati kinasema wati 60, basi chombo hicho hakiwezi kutoa wati 1,000 mfululizo, hata kingesifiwa kwa lugha gani, kwani hakuna chombo kitoacho zaidi ya kilichopokea, na tena sehemu ya kilichopokea hupotea kwa joto. Aidha, mwenye mita ya LUKU ana mizani nyingine. Wati 1,000 zikitumika kwa saa nzima humaliza uniti moja. Kila mwenye nyumba anajua kwamba sabufa yake haimalizi uniti moja kila saa. Wahenga walisema debe tupu haliishi kuvuma, na maneno yao yanayafaa baadhi ya maboksi haya.

Hata wati zikiwa za kweli, wengi huzielewa visivyo. Mtu hudhani kwamba wati 100 zitamletea sauti mara mbili ya wati 50. Sivyo. Sauti hupimwa kwa desibeli, na kuongeza nguvu maradufu huongeza desibeli tatu tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua kwa shida. Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, zinahitajika desibeli kumi zaidi, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo anayeongeza fedha nyingi ili atoke wati 50 kwenda wati 100 ananunua tofauti ndogo sana. Fedha hizo zingemfaa zaidi kama angezitumia kutafuta boksi la mbao nzito lisilolia lenyewe, na spika iliyotengenezwa vizuri.

Sasa tuingie chumbani. Sauti nzito ya besi ina tabia isiyofanana na sauti nyingine. Sauti ya mtu au ya filimbi ni mawimbi mafupi. Ukuta huyazuia, pazia huyapunguza, mlango ukifungwa huyakata. Sauti ya hezi 40, ambayo ni ya kawaida kwa sabufa, ina wimbi lenye urefu wa mita nane na nusu hivi. Wimbi hilo ni refu kuliko chumba chenyewe. Ukuta huzuia sauti kwa uzito wake, na kadiri sauti inavyokuwa nzito ndivyo ukuta huo unavyoshindwa. Ndiyo maana jirani hasikii maneno ya wimbo wala sauti za waigizaji wa filamu. Husikia kishindo tu, dum, dum, dum, usiku kucha, na kishindo kisicho na maneno huchosha akili kuliko wimbo mzima.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi, na wengi wao hawalijui. Katika chumba chenye urefu wa mita tatu na nusu, sauti ya hezi 49 hivi hugonga ukuta huu na ukuta ule ikajikusanya. Inapojikusanya, huwa kubwa sana karibu na kuta na hufifia katikati ya chumba. Mwenye sabufa amekaa kwenye kochi lililo katikati. Anaisikia besi kuwa haba, anashika rimoti, anaongeza. Jirani yake, ambaye kitanda chake kimeegemea ukuta huohuo kwa upande wa pili, na ambaye chumba chake kina vipimo vilevile, anaipata besi hiyo mahali inapojikusanya. Hivyo basi mmoja anaongeza kwa sababu hasikii, na mwingine anakesha kwa sababu anasikia mno. Kelele za mlango, walisema wazee, hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Lakini wazee hawakusema kwamba hazimkoseshi jirani.

Kwa wakazi wa Kinondoni na Temeke jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa wakazi wa miji mingine, nasi tutaeleza kwa nini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Wilaya ya Temeke na watu 982,328 katika Wilaya ya Kinondoni. Wengi wao wanaishi katika nyumba za vyumba vya kupanga, za ukumbi katikati na vyumba huku na huku, familia moja kila chumba. Katika nyumba nyingi za namna hiyo kuta za kati hazifiki juu kwenye mabati. Zinaishia usawa wa dari, na mahali pengine dari yenyewe haipo. Sauti haina haja ya kupenya ukuta. Inapita juu yake. Mabati nayo hutetemeka yakaongeza mlio wao. Kubandika trei za mayai ukutani, kama wafanyavyo baadhi ya vijana kwa nia njema, hakusaidii kitu dhidi ya besi. Trei hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba tu, na mngurumo hupita kana kwamba hazipo.

Na aliye upande wa pili wa ukuta ni nani? Huenda ni muuguzi wa Hospitali ya Temeke au ya Mwananyamala aliyetoka zamu ya usiku na ambaye hana saa nyingine ya kulala ila mchana. Huenda ni dereva wa daladala ambaye saa kumi alfajiri anatakiwa awe amekwisha kuliwasha gari, na kesho roho za abiria zimo mikononi mwake. Huenda ni mtoto wa darasa la saba ambaye mtihani wake uko Septemba, au wa kidato cha nne ambaye wake uko Novemba. Huenda ni mzazi mwenye mtoto mchanga, au mzee mgonjwa ambaye haoni vema kusema. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 1999 lilisema kwamba ili mtu alale bila kusumbuliwa, kelele ya mfululizo chumbani isizidi desibeli 30, na kwamba palipo na sauti nzito kiwango hicho kinafaa kuwa chini zaidi. Usingizi si anasa. Ndio mtaji wa mtu asiye na mtaji mwingine ila nguvu za mwili wake.

Basi mwananchi achagueje? Sisi tunashauri kama ifuatavyo.

Kwanza, apime chumba kabla ya kupima mkoba. Kwa chumba kimoja cha kupanga, sabufa yenye spika ya inchi 6 au 8, yenye makumi machache ya wati za kweli, inatosha kabisa na itabaki na akiba. Spika ya inchi 12 ni ya sebule kubwa ya nyumba iliyosimama peke yake. Mwenye nyumba ya namna hiyo kule Bunju au Chamazi, ambaye kiwanja chake kina nafasi baina yake na jirani, ana uhuru zaidi, japo hata yeye hana uhuru wote.

Pili, aijaribu sabufa kwa wimbo anaoufahamu, wala asikubali ule uliochaguliwa na muuzaji. Achukue muziki wa dansi wa zamani, wa NUTA Jazz au wa Mlimani Park, asikilize gitaa la besi. Je, anaweza kuitofautisha noti moja na nyingine, au zote zimekuwa mngurumo mmoja? Kama ni mngurumo mmoja, chombo hicho ni kibovu hata kikitikisa duka zima. Kisha aweke taarifa ya habari. Sauti ya msomaji ikisikika kana kwamba anazungumzia ndani ya pipa, aiache.

Tatu, aangalie umbo la boksi. Boksi lenye tundu hutoa besi nyingi kwa nguvu ndogo, lakini aghalabu huvuma na kuburuza. Boksi lililofungwa pande zote hutoa besi kidogo zaidi iliyo safi na inayokatika upesi. Kwa chumba kidogo hili la pili, likipatikana, ndilo lifaalo. Aidha, ahakikishe kwamba kipo kitufe cha besi kilicho peke yake, mbali na kile cha sauti yote, ili usiku aweze kuipunguza besi na bado akayasikia maneno ya filamu.

Nne, akifika nyumbani asiitupe sabufa kwenye kona. Kona huikuza besi, na kona mara nyingi ndiyo inayoungana na ukuta wa jirani. Aiweke karibu na anapokaa; kilicho karibu na sikio hakihitaji kupaza. Chini yake aweke kipande cha godoro la povu au raba nene ili mtikisiko usishuke sakafuni. Na besi ikionekana haba, asogeze kiti chake kwanza kabla ya kugusa rimoti. Mabadiliko ya hatua moja au mbili yanaweza kumpa alichokuwa akikitafuta kwa wati mia.

Tano, aende kwa jirani. Afungulie sauti kama atakavyo kuifungulia usiku, kisha atoke, abishe hodi mlango wa pili, aombe kusikiliza kutoka huko. Hakuna kipimo duniani kinachozidi hicho, na hakina gharama. Jirani aliyeombwa ushauri siku ya kwanza huwa mvumilivu siku ya sherehe.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kwamba haya ni matatizo ya ng'ambo ya bahari. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa hasa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ni ya zege, na zege huusafirisha mtikisiko kutoka ghorofa hata ghorofa. Sabufa iliyowekwa sakafuni bila raba ghorofa ya tatu ni ngoma inayopigwa juu ya kichwa cha aliye ghorofa ya pili. Huko Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia, kuta ni nene za mawe na chokaa, na mawe hayo ni mazito. Lakini sakafu zake ni za boriti, vichochoro ni vyembamba na madirisha hutazamana. Tumekwisha kuona jinsi plasta ya jumba la Hollywood ilivyohitaji wavu. Wenye nyumba za zamani na wapangaji wao wana sababu ya ziada ya kuwa na kiasi. Na kijiji cha Pemba, ambako usiku sauti pekee ni ya mawimbi na ya muadhini, kina jambo la kulinda ambalo Manzese ilikwisha kulipoteza.

Tunawageukia sasa viongozi na watumishi wa Serikali. Sheria hazikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza kelele zinazozidi viwango, na mwaka 2015 zilitungwa kanuni mahususi za kudhibiti kelele na mitetemo. Zanzibar nayo, kwa kuwa mazingira si jambo la Muungano, ina sheria yake ya mwaka 2015 na mamlaka yake, ZEMA. Mwaka 2023 NEMC ilizifungia baa na kumbi nyingi kwa sababu ya kelele, na wananchi wengi walishukuru. Hata hivyo, kelele ya baa ina bango na anwani. Kelele ya chumbani haina. Mpangaji anayekoseshwa usingizi na mpangaji mwenzake hajui aanzie wapi. Akienda kwa mwenye nyumba huambiwa wavumiliane, akienda polisi huonekana msumbufu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wa vyombo vilivyopo.

La kwanza ni la lebo. Shirika la Viwango Tanzania lipo tangu mwaka 1975, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Zanzibar ina Taasisi yake ya Viwango. Vyombo hivyo viagize kwamba kila sabufa inayoingia nchini ibandikwe, kwa Kiswahili, nguvu yake ya mfululizo na umeme inaokula, kwa tarakimu zisizo ndogo kuliko zile za PMPO. Mwenye duka aliye mwaminifu hatapoteza kitu. Muuza unga haruhusiwi kuandika kilo kumi kwenye mfuko wa kilo moja. Hatuoni kwa nini muuza wati aruhusiwe.

La pili ni la vipimo. Maofisa wa mazingira wanaotumwa mitaani hubeba mashine ya kupimia desibeli, na kwa kawaida mashine hiyo huwekwa katika kipimo kiitwacho A, ambacho hufuata usikivu wa sikio la binadamu kwa kuzipunguza sauti nzito. Katika hezi 50 kipimo hicho hupunguza desibeli 30 nzima. Matokeo yake ni kwamba ofisa anaweza kusimama katika chumba ambacho vikombe vinagongana kabatini, na mashine ikamwambia kwamba hapana kelele ya kutisha. Tunashauri palipo na malalamiko ya sabufa kitumike pia kipimo cha C, ambacho hakizipunguzi sauti nzito kiasi hicho. Mashine nyingi za kazi hiyo zinavyo vipimo vyote viwili. Linalotakiwa ni maelekezo.

La tatu ni la mtaa. Si busara kuipeleka kila sabufa mahakamani. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake, wakisaidiwa na mabalozi wanaowajua watu wao kwa majina, wanaweza kuitisha mkutano na wakazi wakapatana wenyewe saa ya kupunguza besi, siku za mitihani, siku za misiba, na siku za sherehe ambazo watu watasameheana. Mapatano yakiandikwa na kubandikwa ofisini yatakuwa na nguvu kuliko faini. Halmashauri nazo, zinapotoa vibali vya ujenzi wa nyumba za kupangisha, zidai kwamba kuta za kati zifike mpaka kwenye paa. Tofali za mistari michache tu ndizo zinazotenganisha amani na ugomvi wa miaka mingi.

Wako watakaotujibu kwamba mtu na chake, na kwamba aliyenunua kwa jasho lake asiulizwe. Tunawajibu kwamba alichonunua ni boksi, spika na waya, na hivyo ni vyake kweli. Hewa ya chumba cha pili hakuinunua, wala muuzaji hakuwa nayo ya kumuuzia. Wako pia watakaosema kwamba kelele ni uhai wa Uswahilini, kwamba singeli ilizaliwa Tandale na mitaa jirani katika kelele hizohizo. Hatukatai, na tunajivunia. Lakini hata ngoma za wazee wetu zilikuwa na uwanja wake na usiku wake, na mpigaji wa msondo hakuubeba msondo wake akaulaza kichwani pa mgonjwa. Ngoma ikilia sana, hupasuka. Na kabla haijapasuka yenyewe, hupasua ujirani.

Alhasili, anayekwenda Kariakoo mwisho wa mwezi huu na fedha zake mkononi, tunamtakia ununuzi mwema. Asome kibati cha nyuma, asikilize gitaa la besi, akumbuke urefu wa chumba chake. Sabufa bora ni ile inayomtosha mwenyewe na kuishia ukutani kwake. Nanyi mlio maofisini, msingoje mpaka majirani wapigane ndipo mfungue majalada. Kibati cha kweli na mkutano wa mtaa ni mambo ya kuanza nayo wiki hii.